Gauni la Dada Lililala Kakonko

Wiki hii naomba nikiri kosa langu hadharani. Mwaka 2022 mimi ndiye niliyesababisha dada yangu wa tumbo moja aolewe bila gauni lake. Halikupotea wala halikuibwa. Lilikuwepo, jeupe pee, ndani ya nailoni yake, limetundikwa kwenye msumari wa gesti moja pale Kakonko, huku bibi harusi yuko Busunzu anapiga simu ambayo haipatikani.

Kwa wale wa mjini ambao mkisikia Kigoma akili inakwenda kwenye reli na migebuka tu, Busunzu iko juu kule vilimani, wilaya ya Kibondo, njia ya kwenda Kasulu. Ndiko kwetu. Burundi ni jirani, na ukishika njia ya kaskazini ukapita Kakonko, Nyakanazi, mpaka daraja la Rusumo, umeingia Rwanda. Kiha na Kinyarwanda vinasikilizana, kwa hiyo mtu wa kwetu kwenda Kigali si jambo la kupigia vigelegele. Kwenye ramani ni hapo tu, unapima kwa vidole viwili.

Hivyo vidole viwili ndivyo vilivyoniponza.

Desemba ile nilikuwa Kigali kwa mshikaji wangu tuliyemaliza naye fom foo, anakaa kwa mjomba wake. Dada akaniomba nimkodie gauni huko huko, maana ya kwetu alishayaona kwa kila aliyeolewa kabla yake. Harusi ilikuwa Jumamosi saa 4 asubuhi. Alhamisi usiku nikampigia simu kwa sauti ya mtu mwenye mambo yake: "Dada, kesho saa 12 asubuhi tunatoka, saa 9 mchana tumefika. Utalijaribu, likipwaya mama mdogo atalibana."

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Kilometa ni mia nne na ushee. Simu ya mshikaji ilisema ni mwendo wa masaa saba. Nikaongeza mawili ya mpakani na kula, nikajiona bonge la mtaalamu.

Sasa sikia. Saa za Kigali ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima. Ikiwa saa 12 asubuhi kwao, mama yangu Busunzu anasoma saa 1. Yaani kabla gari halijawashwa nilikuwa nimeshamdanganya dada kwa saa moja, na sikujua. Halafu saa 12 yenyewe hatukuondoka! Mjomba alitaka tuangalie matairi, mke wa mjomba akasema hatoki mtu bila chai. Wewe ungemwambiaje mama wa watu aliyeamka alfajiri akakuchemshia chai? Tulitoka saa 1 na dakika 40. Kwetu ilikuwa karibu saa 3.

Barabara za Rwanda ni safi, lakini mwendo wake ni wa adabu. Kona, vilima, na kamera zinazokupiga picha ukizidisha. Mshikaji anaogopa faini kuliko anavyoogopa jini. Tukaingia Rusumo saa 6 mchana kwa saa zetu.

Rusumo mambo ya nchi mbili unayamalizia sehemu moja. Sisi watu tulimaliza haraka. Gari ndilo lilikataa. Bima ya kadi ya njano tulikuwa nayo, kadi ya gari tulikuwa nayo, lakini gari lilikuwa la mjomba na barua ya mjomba ya kuturuhusu kulivusha hatukuwa nayo. Sitamlaumu ofisa, alikuwa na haki kabisa. Angejuaje kama si la wizi? Mjomba yuko kazini, simu kaiacha mezani. Mpaka barua ikaandikwa, ikapigwa muhuri, ikatumwa, ikachapishwa, masaa manne yalikuwa yamekwisha. Gauni nimelipakata muda wote kama mtoto mchanga.

Saa 10 jioni ndipo tukaanza kukanyaga ardhi ya Tanzania. Rwanda wanaendesha kulia, huku kushoto, kwa hiyo ukishavuka unabadilisha upande. Hilo dogo. Shida ni kwamba gari la kule usukani wake uko kushoto, na barabara ile imejaa malori ya mizigo ya Kigali na Bujumbura. Dereva akitaka kulipita lori haoni kitu, kwa hiyo anayechungulia ni wewe uliyekaa kulia. "Njoo... njoo... rudi!" Moyo uko kooni. Ongeza mashimo ya wakati ule kati ya Rusumo na Lusahunga, ongeza vijiji vyenye vibao vya 50, na trafiki kajibanza kwenye mgomba na tochi yake. Hapo simu ya mshikaji bado inasema masaa saba!

Tulipofika Nyakanazi jua lilikuwa linazama, na mvua ikaanza. Barabara kutoka Kabingo kushuka Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, kilometa 260 na kitu, wakati huo ilikuwa inajengwa kwa lami. Neema kubwa, lakini barabara inayojengwa ni mbaya kuliko isiyojengwa, maana inakutupa pembeni kwenye mchepuko. Mchepuko, usiku, Desemba, na kigari cha chini. Mbele kidogo ya Kakonko tukasikia "kwaa!" chini ya injini. Sampo ilikuwa imegonga jiwe, oili inachuruzika. Vijana wakatuvuta kurudi Kakonko. Simu yangu haina chaji, ya mshikaji ni ya laini ya Rwanda na salio limeisha. Hiyo ilikuwa saa 4 usiku.

Alfajiri fundi akaanza kuziba sampo kwa kipande cha sabuni. Mimi nikamwachia mshikaji gari, nikakimbilia Noah ya Kibondo. Lakini Noah nayo haina saa, ina idadi. Mpaka ijae. Nikaomba, nikabembeleza, nikawaonyesha gauni. Abiria mmoja akasema, "Pole kijana, mimi nilikuwa nakwenda kwenye msiba, mwenyewe nimeshakata tamaa." Pale Kibondo nikasubiri nyingine ijae.

Nilifika Busunzu saa 7 mchana. Watu walikuwa wameshatoka kanisani, wanakula. Dada amekaa mbele na gauni la kuazima la mke wa mwalimu, mabega yamedondoka, kiunoni limeshikwa na pini za nepi. Akanipungia mkono akitabasamu, picha zinapigwa. Nikalitundika la Kigali nyuma ya mlango wa mama.

Usiku ndipo aliponiita. Nilijiandaa kutukanwa. Akasema taratibu: "Mdogo wangu, gauni si kitu. Ungeniambia utafika Jumapili, ningeazima mapema la wifi yetu wa Kasulu, linanikaa vizuri. Wewe ulisema saa 9. Nimekaa barabarani tangu saa 9 mpaka saa 5 usiku, kila taa ya gari nasema ndio hao. Mama anasema mmekufa."

Sikuwa na la kujibu. Mpaka leo nikiziona picha za harusi ile naziangalia haraka haraka.

Agosti 2024 tukarudia njia ile ile, safari hii vijana wanne, tunakwenda kuwaona sokwe wa Gombe, ambako gari halifiki, unapanda boti kutoka Kigoma mjini. Wenzangu wakaja na hesabu ya siku moja, Kigali mpaka Kigoma. Nikawaambia mwenye haraka atangulie. Nilichukua kilometa nikagawanya kwa 50, siyo kwa 80, hata kama sehemu kubwa sasa ni lami. Nikaweka masaa mawili ya mpaka, moja la kula na mafuta. Barua ya mwenye gari iliandikwa wiki nzima kabla. Tukakubaliana siku ya kwanza inaishia Kibondo, na kwamba jua likizama tulipo ndipo tunapolala, liwe jua la saa 12 la Kigali au la saa 1 la kwetu. Chai tulikunywa usiku, tukaaga usiku. Tukaondoka saa 11 alfajiri ya kule, saa 12 ya huku.

Kibondo tuliingia saa 10 na nusu jioni, tukaoga, tukaagiza ugali wa muhogo. Washikaji wakanicheka kwamba tungeweza kusogea hata Kasulu. Nikakubali kuchekwa.

Nikampigia dada kumwambia kesho saa 3 asubuhi tunapita nyumbani kusalimia.

"Saa 3 ya wapi?" akauliza. "Na chai mtakuwa mmeshakunywa?"