Mchanga Mpya kwa Samaki wa Bungoma

Shangazi wa Watamu,

Uliniuliza kama unaweza kujaza tangi lako la samaki mchanga wa hapo ufuoni. Sikutaka kukujibu kabla sijafika Bungoma, kwa sababu shemeji naye alikuwa anabadilisha wa kwake.

Nilipanda matatu Kitale asubuhi na mapema, ile baridi ya mita 1,900 bado mwilini. Tukateremka Kiminini, Kamukuywa, Misikhu hadi Webuye, na hapo kila abiria akaanza kuvua sweta. Kule Bukembe tulikwama nyuma ya trekta za miwa, kisha Kanduyi, kona, mjini.

Shemeji anafuga korida, wale kambare wadogo wa asili ya Amerika Kusini wanaopekua chakula chini kwa sharubu. Alipoanza aliwamwagia kokoto zilizopondwa, za ujenzi. Nilichutama mbele ya kioo nikamtazama mmoja kwa muda: sharubu za kushoto zilikuwa zimelika zikabaki vijinundu viwili, na mdomo umewiva. Kokoto zina makali, na uchafu unaojibanza katikati yake hauviachi vidonda vipone. Samaki huyu anataka mchanga laini wa kutumbukiza uso mpaka machoni.

Tukanunua debe la mchanga wa mto. Tangi lina sentimita 80 kwa 35, kwa hiyo kina cha sentimita 4 ni lita 11 hivi, karibu kilo 18 ukiwa mkavu. Kwanza niliudondoshea siki kidogo, maana ukitoa povu una chokaa. Haukutoa. Tukauchekecha, tukauosha kwenye karai: koroga, mwaga, rudia. Maji ya kwanza yalitoka kama chai ya maziwa. Usiache mpaka uone vidole vyako chini ya karai.

Sasa hapa ndipo nilipobishana na shemeji. Yeye alitaka kutoa kila kitu na kusugua tangi kwa sabuni. Nikakataa katakata. Kwenye mchanga na kwenye kichujio wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi na mabaki ya chakula isiwaue samaki. Ukiwafagia wote siku moja, tangi litang'aa na samaki wanaweza kufa wiki hiyohiyo. Kwa hiyo samaki tuliwahamishia kwenye ndoo ya maji yaleyale ya tangi, kichujio hatukukiosha, tukakiacha kinafanya kazi ndani ya ndoo, na kokoto chache safi tukazitia kwenye soksi nyembamba ya kike ili kuwahifadhi bakteria hao. Zilizobaki tulizichota polepole. Chini kabisa zilikuwa nyeusi, zinanuka yai viza. Maji ya hapo tuliyavuta yote kwa mpira tukayamwaga.

Mchanga ukaingia, sahani ikalazwa juu yake, maji yakamiminwa juu ya sahani ili usitibuke. Maji ya bomba yalikuwa yamelala wazi kwenye ndoo usiku kucha klorini itoke. Soksi inaning'inia pembeni. Itakaa wiki kadhaa, huku chakula kikipunguzwa na sehemu ya maji ikibadilishwa mara kwa mara. Kabla ya magharibi yule mwenye sharubu zilizolika alikuwa ameshazamisha uso mchangani, mchanga unamtoka mashavuni. Shangazi, nilifurahi kweli.

Sasa wewe. Mchanga wa huko una vipande vya makombe na matumbawe, kwa hiyo nadhani siki itachemka. Chokaa hiyo hufanya maji yawe magumu: yanawafaa samaki wa Ziwa Malawi na Tanganyika, hayawafai korida. Tena mbele yako ni hifadhi ya bahari tangu 1968, si mahali pa kuzoa chochote. Nunua mchanga wa mto kwa wauzaji, ujaribu siki, kisha uniandikie ni samaki gani unao na kichujio chako ni cha aina gani, kabla hujatoa hata kijiko kimoja.

Mwanao wa Kitale