Vector Prime Imetoka Mkiani

Nilipokuwa kidato cha pili, baba mdogo alininunulia riwaya nne za Star Wars kwa muuza vitabu vya mtumba. Filamu zake nilishaziona kwenye kibanda umiza, basi nikazisoma huku kamusi ikiwa pembeni. Kisha nikazipanga nyuma ya daftari kama matokeo ya mtihani. Likizo hii bumu limekata, sina pa kwenda, nimezirudia zote.

Namba moja ilikuwa Heir to the Empire ya Timothy Zahn (1991). Humu ndimo alimozaliwa Thrawn, adui anayesoma sanaa za watu ili ajue namna ya kuwapiga. Hata jina Coruscant lilianzia hapa kabla ya kuingia kwenye filamu. Bado ni tamu.

Namba mbili, Revenge of the Sith ya Matthew Stover (2005). Mwisho unaujua, lakini bado unamwomba Anakin asigeuke.

Namba tatu, Splinter of the Mind's Eye ya Alan Dean Foster (1978). Iliandikwa kabla hatujaambiwa kwamba Luke na Leia ni ndugu, kwa hiyo humo wanatazamana kimahaba. Nilicheka enzi zile, juzi nimecheka tena.

Mkiani niliiweka Vector Prime ya R.A. Salvatore (1999). Mwezi unaiangukia sayari, Millennium Falcon imejaa watu wanaokimbia, na rubani ni kijana wa Han Solo, aitwaye Anakin kama babu yake. Kijana anarusha chombo, Chewbacca anabaki chini. Han anamlaumu mwanawe. Niliipa sifuri. Baba gani huyu?

Nikiwa kidato cha nne, baba mdogo alifariki kwa ajali ya bodaboda. Aliyekuwa anaendesha ni kaka yangu. Lori ndilo lililowafuata upande wao, na kila aliyekuwepo alisema hivyo. Baba hakuwahi kumlaumu kwa mdomo. Aliacha tu kumtuma dukani, kumwita mezani, kumwomba amshikie tochi umeme ukikatika. Huu ni mwaka wa tano.

Safari hii nimeisoma Vector Prime polepole. Han anajua kijana aliokoa watu. Anajua kabisa, ila hawezi kumtazama usoni. Zamani nilimwona Anakin peke yake. Sasa nawaona wote wawili, na sijamsamehe Han, ila sina ujasiri tena wa kumpa sifuri. Namba moja.

Mwaka 2014 wenye Star Wars waliziondoa riwaya nyingi za zamani kwenye historia rasmi, wakaziita Legends. Yaani kifo cha Chewbacca kimefutwa, rasmi hakikutokea. Wenye bahati hao.

Kitabu nilikiacha kitandani kwa kaka bila kusema kitu. Siku mbili baadaye akaja mlangoni nacho.

“Dogo, yule mzee alikuja kumsamehe mtoto wake?”

Nikamwambia hicho ni cha kwanza tu, mfululizo una vitabu 19.

“Kumi na tisa?” Akageuka kutazama sebuleni, baba alikokuwa anasikiliza taarifa ya habari. “Basi kitafute cha pili.”