Mwaka Hesabu Zilipohamia Kiswahili

Shule yetu ilikuwa milimani Usambara, mahali ambapo mwezi wa Juni mtu alinawa uso kwa kujikaza. Ilikuwa ya bweni, wasichana watupu, kuanzia darasa la tano hadi la nane, na darasa la nane lilipofutwa ikaishia la saba. Wenyewe walikuwa masista, Wajerumani kadhaa na Waafrika. Nilipelekwa huko mwaka 1966. Baba alikuwa karani Tanga mjini, na kila Jumapili mezani kwetu ilikuwa lazima kuomba chumvi kwa Kiingereza. Kwa hiyo nilifika na mtaji ambao wenzangu wengi hawakuwa nao, na miaka miwili ya mwanzo nilishika namba moja bila kutoka jasho.

Matokeo yalisomwa mwisho wa muhula, mbele ya wazazi, kuanzia wa kwanza hadi wa mkia. Wa mkia naye alisimama aonekane. Wa kwanza alipewa picha ya mtakatifu yenye pindo la dhahabu. Pembeni palikuwa na meza ya kazi za mikono: foronya, soksi, vitambaa vya altare vilivyodariziwa misalaba na zabibu. Mama zetu, wengi wao wasiojua kusoma, hawakujishughulisha sana na orodha ya majina. Walikwenda moja kwa moja mezani wakageuza vitambaa, maana mshono mbaya hujificha upande wa nyuma. Mpaka leo naona mtihani wao ulikuwa wa haki kuliko wetu.

Aliyezoea kusimama mwisho ni msichana tuliyempachika jina la Silabu. Halikuwa jina la heshima. Silabu ilikuwa ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, iliyoanza miaka ya 1940 kuandikisha vibarua katika mikoa ya mbali, na baba yake, Mngoni wa Songea, alifikishwa Korogwe na ofisi hiyo. Mama yake alikuwa Mzigua. Katika kambi walimokaa walikuwamo Wamakonde, Wanyamwezi, Waha na Warundi, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichomlea, wala hakuwa na lugha nyingine ya kukimbilia. Kiingereza kilimkatalia katakata. Tena palikuwa na kile kibati cha kuvaa shingoni, ambacho watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa: ukisikika ukisema lugha nyingine unavalishwa, na atakayelala nacho ndiye atakayeosha vyoo asubuhi. Sisi wengine tulijua kunyamaza. Silabu hakujua kunyamaza, na vyoo alivifahamu vizuri.

Mwaka 1967 mambo yalikuja kwa mfululizo. Februari Azimio la Arusha, Machi Elimu ya Kujitegemea, kisha agizo kwamba Kiswahili ndicho kitakachofundishia shule za msingi. Habari ya kujitegemea haikututisha. Masista walikuwa wakilima viazi na kufuga nguruwe kabla hatujazaliwa, na majembe yetu yalikuwa na namba kama vitanda. Kilichotutisha ni Kiswahili. Kilatini kilikuwa kimeanza kuondoka kwenye misa, na sasa Kiingereza nacho kiondoke darasani! Bibi mmoja aliyekuja kumtazama mjukuu wake aliuliza kama Mzungu naye ataondoka.

Mzungu hakuondoka. Mwaka 1968, tukiwa darasa la saba, Sista wa hesabu, Mjerumani mrefu mwenye mikono ya mkulima, aliingia darasani na kikapu cha mapeasi ya bustanini. Kiswahili chake kilikuwa cha katekisimu na cha jikoni: kutubu alikujua, kumenya alikujua, ila sehemu na asilimia hakuwahi kuzihitaji. Vitabu vya Kiswahili vya somo hilo vilikuwa havijatufikia. Akakata mapeasi nusu, robo, thumni, akaandika ubaoni, akatuuliza sisi tunasemaje. Wiki zile darasa lilijaa utamu na nzi.

Maswali ya mafumbo aliyatunga mwenyewe. Siku moja aliandika: mkata mkonge hukata matita 200 kwa siku, kila tita majani 30, kwa siku sita atakata majani mangapi? Nikainamia daftari. Kuzidisha nilikuweza kwa lugha yoyote. Kabla sijamaliza mstari wa pili, Silabu alikuwa amesimama.

“Sista, mtu huyo hayupo.”

“Hayupo wapi?”

“Hayupo duniani. Matita 200 kwa siku! Nusu yake tu ni mwanamume mwenye nguvu. Huyu atakufa Jumanne, na kipande chake hakitajaa.”

Darasa lililipuka kwa kicheko, lakini Sista hakucheka. Alimwita mbele, akampa chaki, akamwambia aeleze kipande ni nini. Silabu akaeleza: kadi ya kazi 30, siku usiyomaliza kazi haiandikwi, na mshahara hautoki mpaka kadi ijae. Akaandika hesabu yake: akikata hivi na kuugua siku tano, kadi itajaa lini, duka la kambini likimkopesha unga, atabaki na nini mkononi. Alihesabu kwa sauti, haraka, mkono ukikimbizana na mdomo. Kumbe siku zote alikuwa akizijua. Muhula ule alikuwa wa kwanza, nami wa nne, na kibati kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari ofisini.

Baba alikasirika, si kwa ajili ya namba nne, bali kwa ajili ya serikali. “Wanawanyima ufunguo,” alisema, na wazazi wengi wenye kazi za ofisini walisema vivyo hivyo. Sikumwona baba wa Silabu siku ile ya wazazi. Bei ya mkonge ilikuwa imeporomoka kwa sababu ya kamba za nailoni, na mashamba yalikuwa yakipunguza watu.

Wote wawili tulichaguliwa kwenda sekondari, shule tofauti. Sekondari ilibaki ya Kiingereza. Mimi nilirudi pale nilipozoea. Yeye aliniandikia kwamba fizikia anaielewa mpaka inapofunguliwa mdomo. Hapo sijawahi kuielewa nchi yangu: kumwachia mtoto ang'are miaka saba, kisha kumrudisha kwenye kibati. Alitoka kidato cha pili, akaenda chuo cha ualimu.

Nilimkuta Korogwe miaka ya 1990, mwalimu wa hesabu wa darasa la sita, madaftari yamemfika kidevuni. Ubaoni nyuma yake mkata mkonge alikuwa na matita 80. Tulicheka sana habari za mapeasi na nzi. Nikamuuliza kama haoni uchungu. Hakujibu, aliniuliza mwanangu anasoma wapi. Nikamtajia: shule ya kulipia, Kiingereza tangu chekechea.

“Vizuri, dada,” akasema. “Na hesabu anapata?”