Kisiwa kilichoacha samaki kikashika chupa

Saint-Pierre ni mali ya Ufaransa, lakini hakiko Ulaya. Kipo kilomita 25 hivi kutoka Newfoundland, Kanada, na mkate huko hununuliwa kwa yuro.

Zamani familia za hapo ziliishi kwa samaki waliokaushwa juu ya mawe ya ufukweni. Mwaka 1920 Marekani ikapiga marufuku pombe. Kisiwani ilikuwa halali, hivyo wiski ya Kanada na Uskoti ilishushwa bandarini mchana kweupe. Magendo yalianzia mbele: meli zilitia nanga nje ya mpaka wa bahari wa Marekani, boti za kasi zikaifuata shehena usiku.

Kwanza chupa zilitolewa kwenye makasha ya mbao, zikafungwa kwa majani makavu ndani ya magunia, zisigongane wala kupiga kelele. Watu wakaacha nyavu, wakafunga magunia. Makasha matupu yakawa kuni, mengine mbao za kujengea. Nyumba moja iliitwa Villa Cutty Sark, kwa jina la wiski iliyokuwa ndani ya makasha yaliyoijenga. Na kwa baridi ile, nani angemlaumu mama aliyepata kuni za bure?

Desemba 1933 marufuku ikafutwa, biashara ikaanguka. Tuseme mtoto alikuwa na miaka 5 ilipoanza: sasa ana 18, na kazi aliyoiona kwao tangu utotoni ni ya magunia. Bahari ya babu yake alipaswa kuanza kujifunza upya.