Swali la Mama Asha

Kwa miaka mingi chakula cha nyumbani kwangu kimetokana na kazi moja: kununua nyumba chakavu huko Temeke, kuzikarabati na kupangisha vyumba. Kazi hiyo naielewa. Nikigusa ukuta, natambua ulioliwa na chumvi. Nikizungumza na mpangaji, aghalabu natambua atakayelipa.

Kisha tamaa ikaniingia. Nikaona si vyema mtu mzima kujifunga kwenye vyumba tu. Nikanunua shamba Kibaha kwa karatasi ya mauziano na mashahidi wawili, bila kuuliza kwa Msajili wa Hati. Haikupita miezi sita, mwenye hati miliki akajitokeza. Ada ya shule ya binti yetu ikaenda na shamba lile. Mama Asha hakunigombeza, aliniuliza tu, "Baba Asha, nyumba ungeinunua bila kupanda darini?"

Swali hilo limenifunza. Shamba, kiwanja kilichopimwa, na sehemu ya ghorofa inayomilikiwa chini ya sheria ya mwaka 2008, kila kimoja kina elimu yake na mitego yake. Simshauri kijana anayeanza ajifungie katika tundu moja; atembee, aulize, ajifunze yote. Lakini fedha ya watoto asiiweke ila pale anapopajua kwa undani. Leo Asha amerejea shuleni, nami nimerejea Temeke. Mshika mbili, moja humponyoka.