Msitu wa Kijiji na Mafiga Yetu

Akina mama wenzetu, habari za misitu zikitangazwa redioni wengi wetu hufikiri ni mambo ya mabwana misitu na wakubwa wa ofisini. Tunaendelea kuchambua mboga. Lakini kila sheria ya msitu hatimaye hufika jikoni. Hufika kwenye mafiga, kwenye ndoo ya maji, kwenye dawa ya mtoto anayekohoa, na kwenye paa la nyasi linalovuja. Wa kwanza kujua kwamba msitu umepungua ni yule mama aliyezoea kutumia saa moja kuokota kuni, na sasa anatumia saa tatu.

Sisi ni wanawake wa kijiji kimoja katika nchi ya miombo, Tanzania. Tunapenda kuwashirikisha tuliyoyaona tangu kijiji chetu kilipotenga msitu wake, kwa sababu tunajua wasomaji wengi mnaishi kando ya misitu kama sisi.

Tuanze na zamani kidogo. Sheria ya misitu ya mwaka 1957 ilitungwa wakati wa ukoloni, nayo iliendelea kutumika miaka mingi baada ya Uhuru. Msitu wa hifadhi ulikuwa wa serikali, na mwanakijiji alihesabiwa kuwa mharibifu. Mama zetu wakisikia mlinzi anakuja, walitupa mzigo na kukimbia, hata ngata ikabaki njiani. Je, msitu ulipona? Haukupona. Mtu hana uchungu na mali anayoambiwa si yake. Mlinzi akienda likizo, shoka linaingia.

Mfano wa njia nyingine ulitoka wilaya ya Babati. Huko kuna msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wenye hekta zipatazo 9,000, unaozungukwa na vijiji vinane. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Wananchi hawakukubali, wakasema wako tayari kuutunza wenyewe. Kuanzia mwaka 1994 kila kijiji kilikabidhiwa sehemu yake, kikaweka mipaka, kikapanga matumizi, na kuchagua walinzi kutoka miongoni mwa wenyeji. Mwaka uliofuata sheria ndogo za vijiji hivyo zilipitishwa. Kuchoma mkaa na kufyeka mashamba msituni kukakatazwa, lakini kuokota kuni kavu na kuchuma dawa kukaruhusiwa.

Yaliyofanyika Babati yalisaidia kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 ilikubali kwamba wananchi ni wasimamizi, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ikakipa kijiji haki ya kutenga msitu wake wa hifadhi katika ardhi yake. Halmashauri ya kijiji huandaa sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji huzijadili na kuzikubali, kisha zinakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa.

Hapo penye maneno "mkutano mkuu wa kijiji" ndipo tunapotaka mtulie, akina mama. Mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Hausemi baba wa nyumba tu. Tena sheria inataka angalau robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wawe wanawake. Mlango uko wazi, lakini mara nyingi siku ya mkutano sisi tuko mtoni, shambani au jikoni tukipikia wageni wa mkutano wenyewe.

Kijijini kwetu rasimu ya kwanza ya sheria ndogo iliandikwa na wanaume watupu. Hawakuwa na nia mbaya. Waliandika kwamba kuni zitaokotwa siku ya Jumamosi peke yake, kwa njia moja ipitayo karibu na ofisi ya kijiji, na kwamba ni marufuku kabisa kuuza kuni. Ukisoma haraka unaona ni sheria nzuri. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jumamosi kwetu ni siku ya gulio. Tena akina mama wa kitongoji cha ng'ambo wangelazimika kuzunguka mwendo wa saa nzima zaidi, na mtoto mgongoni.

Tulilizungumza jambo hilo baada ya mazoezi ya kwaya, Mama Mchungaji akiwa kati yetu. Tukakubaliana kwamba siku ya mkutano chakula kipikwe usiku uliotangulia, na wote twende. Tulikwenda zaidi ya arobaini, tukaketi mbele.

Mama mmoja mjane, anayelea wajukuu wanne, alinyosha mkono. "Mwenyekiti, na wazee wangu mlioko hapa, shikamooni. Mimi nauza mafungu matatu ya kuni kwa wiki pale senta. Ndiyo chumvi yangu, ndiyo madaftari ya watoto. Mkinifungia mlango huu, nionyesheni mlango mwingine."

Mzee mmoja akamjibu kwa upole, "Mama, tukikuruhusu wewe, kesho watakuja wenye mikokoteni wakisema na wao ni wajane."

Hapo palikuwa pagumu, na hatutaki kuwaficha. Wote wawili walisema kweli. Kuni za mama yule ni chakula cha watoto, na mikokoteni ndiyo iliyokuwa imekwisha kung'oa upande wa magharibi wa msitu wetu. Tulibishana hadi jua likaelekea kuzama. Mwishowe tukakubaliana hivi: kuni kavu zilizoanguka ziokotwe bure kwa matumizi ya nyumbani, Jumanne na Ijumaa, kwa njia mbili, bila shoka wala panga. Kuuza kuruhusiwe kwa kibali cha kamati ya maliasili ya kijiji, kwa wajane na wazee wasio na msaada, mzigo wa kichwani tu. Mkokoteni hapana. Wanawake wanne wakachaguliwa katika kamati, na mama yule akawa mmoja wao.

Je, yote yamekwenda sawa? Hapana. Bado kuna wanaoingia usiku. Safari moja aliyekamatwa alikuwa jamaa wa kiongozi, na ilichukua mikutano miwili hadi faini ikalipwa. Mama yule mjane naye hulalamika kwamba kwa mzigo wa kichwani peke yake kipato chake kimepungua, na analalamika kwa haki. Ndiyo maana kikundi chetu cha akina mama kimemsaidia kupata mizinga miwili ya nyuki. Asali haijawa nyingi.

Lakini yapo ya kushukuru. Kisima cha bondeni, ambacho zamani kilikauka mwezi wa tisa, sasa hutufikisha hadi mvua zinaponyesha. Uyoga umerudi. Binti zetu hawapitishi tena mchana mzima wakitafuta kuni badala ya kusoma. Na faini zinasomwa hadharani mkutanoni, zimelipwa na nani na zimetumika wapi.

Wenzetu mlioko katika vijiji ambavyo bado havijatenga msitu, au ambavyo vimetenga bila ninyi kuitwa, tunawashauri mambo machache. Nendeni kwa afisa mtendaji wa kijiji, mwombe kusomewa sheria ndogo za msitu wenu. Ni haki yenu. Ulizeni siku za kuni ni zipi, na ni nani aliyezipanga. Ulizeni kamati ya maliasili ina wanawake wangapi, na kama huitwa kwenye vikao au majina yao yameandikwa tu. Zungumzeni na waume zenu nyumbani kabla ya mkutano, kwa upole na mapema, maana baba aliyekwisha kuelewa habari ya kuni atakuunga mkono mbele ya wenzake.

Halafu mzungumze ninyi kwa ninyi juu ya yule ambaye sheria itambana kuliko wote. Katika kila kijiji yuko. Msimwache aende mkutanoni peke yake.