Deni Letu kwa Watoto wa Nashik



Wengi wameniuliza habari za safari yangu ya Bara Hindi, nami nimeona vema kuwaandikia, maana jambo nililojifunza huko si langu peke yangu.

Sisi tunaokaa pande za Rabai na Mombasa twapita mara nyingi Kengeleni, penye ile kengele ya kale ya Freretown, wala hatuulizi wazee wetu wa kwanza katika imani walilelewa wapi. Baadhi yao walilelewa ng'ambo ya bahari. Walikuwa watoto waliotekwa na kupakiwa majahazini ili wauzwe. Manowari za Kiingereza zikayakamata majahazi hayo, na watoto wakateremshwa Bombay, hawana baba wala mama. Wamisionari wa C.M.S. wakawapokea huko Sharanpur, kijiji cha Wakristo karibu na mji wa Nashik, ulioandikwa zamani Nasik. Jina Sharanpur maana yake ni mji wa makimbilio. Hapo wakafundishwa kusoma na kuandika, na kazi za mikono kama useremala na uhunzi.

Mwaka 1864 William Jones na Ishmael Semler walikuja Rabai kutoka huko, wamsaidie mzee Rebmann. Na mwaka 1885 Askofu Hannington akawawekea wote wawili mikono wawe mashemasi. Jacob Wainwright naye alikuwa mwana wa shule ile. Ndiye aliyechora maandishi juu ya mti pale ulipozikwa moyo wa Livingstone mwaka 1873, kisha akausindikiza mwili wake hata Uingereza. Hao wote walikuwa yatima waliolishwa kwa chakula cha wageni.

Basi niliposikia ya kuwa shule moja ya Kikristo ya watoto yatima, nje kidogo ya Nashik, yatafuta wasaidizi wasiolipwa kwa muda wa miezi mitatu, nalijiona kama mwana wa mdeni. Kanisa letu likanichangia nauli. Nikapanda ndege Nairobi, nikashuka Mumbai, ndiyo Bombay ya zamani. Na kutoka hapo nikapanda treni, mwendo wa kilomita zipatazo 180. Treni hupanda milima ya Ghats hata kufikia nchi ya juu yenye mashamba ya mizabibu na vitunguu. Mji wenyewe uko kando ya mto Godavari, ambao Wahindu wauheshimu sana.

Sandukuni mwangu nalichukua mahubiri kumi na mawili niliyoyatengeneza kwa bidii. Mkuu wa shule, mama mtu mzima ambaye watoto humwita Bai, yaani mwalimu wa kike, akanisikiliza kwa adabu, akanipa chai, akanionyesha chumba changu. Siku ya tatu akanipa nyundo na misumari, maana madawati mengi yalikuwa yamevunjika. Nikacheka moyoni, kwa kuwa hata kwetu twasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi nikatengeneza madawati, nikaosha sahani pamoja na wapishi, na jioni nikawasomesha wakubwa Kiingereza. Yale mahubiri hayakutoka sandukuni.

Lugha yao ni Kimarathi. Watoto walifurahi mno walipogundua ya kuwa maneno yetu mengine ni ndugu. Nikisema gari, wao husema gadi. Nikisema embe, wao husema amba. Na dunia kwao pia ni duniya. Kila jioni walinijia na neno jipya wajue kama ninalo.

Walakini mvulana mmoja, apata miaka tisa, hakuja. Alikaa mbali akinitazama. Hata juma la nne akanikaribia nilipokuwa nikipiga randa, akauliza kwa Kiingereza chake kidogo, "Utaondoka lini?" Mimi kwa huruma nikajibu upesi, "Usihuzunike, nitarudi Krismasi ijayo." Akatabasamu, na tangu siku ile hakuniacha, akanishikia mbao na kuokota misumari.

Ndugu zangu, sikuwa na nauli ya kurudi, wala sikujua mtu wa kunipa. Nalisema uongo wa mtu mwema.

Bai alipopata habari akaniita. Hakunikaripia. Akasema, "Mwalimu, wageni wengi huja hapa. Huwapenda watoto, hupiga picha, huahidi, huenda zao. Mtoto huyu amekwisha kuachwa na wageni watatu. Kila ahadi ivunjwapo, yeye hujifunza ya kuwa mapenzi hayadumu. Nasi tubakio ndio tuwafundishao tena."

Usiku ule usingizi haukunijia. Asubuhi nikaenda kwa miguu mpaka barabara ya Sharanpur, ambayo siku hizi imejaa maduka na magari. Nikasimama kando ya njia nikawaza. Yule Padre W. S. Price aliyewasimamia watoto wetu hapa hakuwaahidi kuja siku moja. Alikaa nao miaka, na mwaka 1874 alitumwa Mombasa kuanzisha Freretown, nao wengi wakaitwa huko wamsaidie. Nikaona ya kuwa yatima hahitaji sana mgeni mwenye machozi. Ahitaji mtu atakayekuwapo kesho.

Nikarudi, nikamketisha yule mvulana, nikamwambia kweli. "Sitarudi Krismasi. Nalikosa kusema vile. Nitakuandikia barua kila mwezi; hilo naliweza." Akaondoka bila kujibu, na siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu akaja, akashika upande wa pili wa ubao.

Tangu nirudi nimekwisha kuandika barua saba. Jibu nimepata moja tu: karatasi yenye picha ya randa, na chini yake neno gari, limeandikwa kama tuandikavyo sisi.

Enyi wazazi na walimu, si kila mtu aweza kuvuka bahari, wala si lazima. Yatima yuko katika darasa lako, yuko nyumba ya tatu kutoka kwako. Huyo hutamwaga mwisho wa miezi mitatu. Mpe kiti mezani pamoja na wanao, umlipie daftari, umwulize habari za shule leo na kesho na mwakani. Wala usimwahidi neno ila lile uwezalo kulitimiza. Hivyo ndivyo tutakavyolipa deni la Sharanpur.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu wa Rabai